Vichwa Viwili vya Treni katika Mirathi ya Baba

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba, shamba la mahindi, jozi ya maksai na sanduku la mbao lenye vichwa viwili vya treni. Vichwa hivyo si vya kuvuta abiria. Hata kilicho kirefu hakizidi sana shubiri moja ya mtu mzima. Ni treni za mfano, za umeme, zilizotengenezwa Ujerumani kabla yetu sisi kuzaliwa. Hatukuwahi kudhani kwamba siku moja tungeketi mbele ya sanduku lile, tukiwa bado na majonzi, tukijadiliana ni kipi kiende na kipi kibaki.

Kijiji chetu ni Msanzi, katika Wilaya ya Kalambo. Hakuna reli huku, wala Mkoa wa Rukwa wa leo hauna hata kituo kimoja cha treni. Mtu wa Ufipa anayetaka kuiona treni huenda kaskazini hadi Mpanda, linakoishia tawi la Reli ya Kati, au kusini-mashariki hadi Tunduma, inakopita TAZARA ikielekea Zambia. Watoto wenzetu waliijua treni kwa masimulizi. Sisi tuliijua kwa sababu baba alipokuwa kijana, katika miaka ya 1970, alipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea ufundi. Aliporudi alikuwa fundi wa reli Tabora na baadaye Mpanda, na umri wake wote wa kazi aliumaliza chini ya vichwa vya dizeli, mikono ikinuka mafuta. Mapenzi yake, hata hivyo, yalikuwa kwenye treni za umeme, ambazo nchi yetu haikuwa nazo.

Kichwa cha kwanza kati ya viwili vile ni cha kampuni ya Piko, ya Ujerumani Mashariki ya wakati huo. Ni mfano wa E 11, kichwa cha umeme kilichoundwa Hennigsdorf, karibu na Berlin, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baba alikinunua pamoja na mabehewa matatu na reli zake. Kichwa cha pili ni cha kampuni ya Märklin, ya Ujerumani Magharibi. Alikipata katika duka la vitu vilivyotumika huko Berlin Magharibi, maana wanafunzi wa kigeni waliweza kuvuka ukuta ambao wenyeji hawakuruhusiwa kuuvuka. Hicho ni mfano wa kichwa maarufu cha Uswisi, kilichoundwa kuanzia 1919 ili kuvuta mizigo katika milima ya Gotthard. Kina pua ndefu mbele na nyuma, na mwili wake una maungio ili upinde kwenye kona. Kwa umbo hilo watu wakakiita Mamba. Märklin walianza kumuuza Mamba wa kipimo hicho mwaka 1947, na wakusanyaji wa treni za mfano wanamtafuta hadi leo.

Vichwa vyote viwili vimepunguzwa mara 87 kutoka ukubwa wa treni halisi, na upana wa reli zake ni ule ule, milimita 16.5. Mtu angedhani vinaweza kutembea kwenye njia moja, lakini sivyo. Piko hupokea umeme wa moja kwa moja wa volti 12 kupitia reli mbili, reli moja ikileta na nyingine ikirudisha. Mamba hupokea umeme kwa ulimi wa chuma ulio tumboni mwake, unaogusa njia ya tatu iliyo katikati ya reli. Magurudumu yake ya kushoto na ya kulia hayakutenganishwa kwa kihami. Ukimweka juu ya reli za Piko, umeme hukutana papo hapo na kuleta shoti. Kwa kuwa baba hakuwa na reli za Märklin, Mamba alikaa kabatini miaka yote kama mgeni wa heshima.

Piko ndiye aliyekuwa wetu. Kabla umeme haujafika nyumbani, baba alikuwa akiazima betri ya gari, akitandika reli juu ya jamvi, na kuunganisha kipande cha koili ya jiko la umeme ili kupunguza mwendo. Akibadilisha nyaya, treni ilirudi nyuma. Katika usiku wa baridi kali ya mwezi wa Julai tulijifunika mablanketi tukaizunguka njia ile, naye akitueleza kuwa treni halisi hupanda mlima kwa nguvu isiyotoa moshi. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alizikuta siku hizo zikiwa karibu na mwisho wake, na akazipenda kuliko sisi sote.

Baba alifariki Desemba 2023, mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Baada ya maziko, kama ilivyo ada yetu, kaka yetu mkubwa alisimama akatangaza kwamba mwenye haki kwa marehemu ajitokeze. Siku ya tatu akaja mzee mmoja mwenye duka la pembejeo, amebeba daftari. Msimu uliopita baba alichukua mbolea kwa mkopo: shilingi 740,000, na saini yake ilikuwepo. Hakuna hata mmoja wetu aliyelijua deni hilo, na mama pia hakulijua. Mzee yule hakuja kwa ukali. Alisema, “Wanangu, mkinilipa baada ya mavuno nitashukuru.”

Sheria ya mirathi haina utata hapa. Kwanza ni gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na mwisho ndipo warithi hugawana. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba nafsi ya muumini hufungwa na deni lake, na kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuliza kuhusu deni la maiti kabla ya kumsalia. Lakini tungelipa kwa nini? Hakuna kati yetu aliyekuwa na akiba. Kuuza maksai mwezi wa kulima ni kuuza chakula cha mwaka. Shamba ndilo tegemeo la mama. Likabaki sanduku.

Jamaa yetu aishiye Muscat alituunganisha na mkusanyaji wa treni za mfano huko. Tulimpelekea picha, naye akatoa bei: Mamba kwa shilingi 1,150,000, au Piko pamoja na mabehewa na reli zake kwa 336,000. Hakuhitaji vyote viwili.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Kaka yetu alitaka tuuze Piko, tupunguze deni, na mzee asubiri mavuno kama alivyokubali mwenyewe. Mamba, alisema, ni akiba. Thamani yake haitashuka kama inavyoshuka fedha, na siku moja atamlipia kitinda mimba ada ya chuo. Si hoja ya kupuuzwa. Dada zetu wawili walisema kuwa Mamba hana kumbukumbu yoyote katika nyumba hii isipokuwa ile ya kabati, ilhali Piko ina alama za vidole vya baba kwenye kila kiungo cha reli. Tulibishana siku mbili, kwa adabu mwanzoni, kisha kwa adabu kidogo. Aliyeumaliza ubishi ni mama, aliyekuwa katika eda na alikuwa akitusikiliza kutoka chumbani. Alisema, “Ninyi mnatazama mamba. Mimi namwota baba yenu akidaiwa. Kama kipo kitu cha kumlipia leo, kwa nini asubiri mavuno?” Kaka yetu aliinamisha kichwa. Tukakubaliana Mamba auzwe.

Lakini tulipomtoa Mamba ili kumfungasha, tuliona jambo ambalo picha hazikulionyesha. Fito moja ya juu ya paa, inayoigiza ile ya kuchukulia umeme kwenye waya, haikuwa ya kiwandani. Baba aliitengeneza kwa waya wa mwavuli. Na chini ya pua moja palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Vitu vya zamani vilivyosubiwa kwa zinki hupatwa na maradhi haya iwapo zinki iliingiwa na risasi kidogo kiwandani: metali huvimba polepole, kisha hupasuka, wala haina tiba. Tulinyamaza kwa muda. Mnunuzi hakuwa ameuliza, na fedha tulizihitaji.

Dada yetu mdogo ndiye aliyekumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono katika lundo la nafaka akakuta unyevu chini, akamtaka mwenye mali auweke unyevu ule juu ili watu wauone. Kulipa deni la marehemu kwa fedha ya kuficha aibu ya bidhaa ni kumwondolea mzigo mmoja na kujitwisha mwingine. Tukapiga picha mpya, ya fito na ya ufa, tukazituma pamoja na maelezo. Majibu yalichukua siku nne. Mnunuzi alishukuru na akapunguza bei. Baada ya gharama za kutuma, zilizotufikia mkononi ni shilingi 788,000. Mzee wa pembejeo alipokea 740,000 zake, akapiga mstari juu ya jina la baba katika daftari, akamwombea dua.

Zilizobaki, 48,000, tuligawana kwa mafungu ya sheria, kwa kuwa wazazi wa marehemu walikwisha kumtangulia: mama thumni, yaani 6,000, watoto wa kiume wawili 14,000 kila mmoja, wa kike wawili 7,000 kila mmoja. Kiasi ni kidogo, lakini tulitaka tuzoee kuhesabu.

Na Piko? Sote tulitamka kwa sauti moja kwamba iwe ya kitinda mimba. Imamu wetu alitusifu, kisha akatufundisha tusichokijua. Alisema tusiseme tu “apewe mtoto,” kwani huenda kesho tukalipunguza fungu lake la shamba kwa kisingizio hicho bila wenyewe kutambua. Yatima hawezi kusamehe haki yake, wala hapana awezaye kumsamehea. Basi Piko ikathaminiwa kwa ile bei ya Muscat, 336,000. Fungu la mtoto humo ni 98,000, nalo ni haki yake. Zile 238,000 nyingine ni mafungu yetu na ya mama, na kila mmoja akamhibia lake kwa ulimi wake mbele ya mashahidi wawili. Shamba likagawanywa peke yake.

Jirani mmoja alituuliza kama si israfu kuwekea mashahidi kitu cha kuchezea. Imamu alimjibu kwa upole kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na vinyago vyake nyumbani, na kati ya hivyo farasi mwenye mbawa, Mtume (s.a.w.) alipomuuliza habari zake na kusikia jibu lake kuhusu farasi wa Nabii Suleiman, alicheka.

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Baba hakuiwahi. Siku ile kitinda mimba wetu aliitazama katika simu ya kaka yake, kisha akaenda kulitoa sanduku bila kuambiwa. Alitandika reli juu ya jamvi lile lile, akaiunganisha koili, akatuita. Kaka yetu, aliyemtaka Mamba, ndiye aliyeketi naye hadi adhana ya Isha.

Tunawaomba wasomaji dua kwa ajili ya mzazi wetu. Na kwa wazazi walio hai tuna ombi moja: andikeni madeni yenu, hata ya mfuko mmoja wa mbolea, na mwoneshe mtu mmoja nyumbani lilipo daftari.