Bandari ya Bujumbura na Kabureta ya Pikipiki Kuukuu

Msafiri afikaye Bujumbura kwa njia ya ziwa huuona mji ukiwa chini na milima ikiwa imesimama nyuma yake. Bandari imelala katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha meta 1,470, ambalo duniani kote hupitwa kwa kina na ziwa Baikal peke yake. Mbele ya gati ni maji yaendayo Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Nyuma ya gati ni mji ulioitwa Usumbura katika enzi za Wabelgiji, na mara baada ya mji barabara huanza kupanda. Mwenye pikipiki kuukuu ya motokrosi, awe ameishusha melini au ameteremka nayo kutoka milimani, hana budi kusimama hapa na kuiangalia kabureta yake.

Sababu yenyewe ni hewa. Injini haili petroli tupu, bali mchanganyiko wa petroli na hewa, na kazi ya kabureta ni kuupima mchanganyiko huo. Uso wa ziwa uko karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, iliyo kama kilomita 35 tu kutoka mjini kwa barabara ya kwenda bara, imepita meta 2,000. Katika kila meta 1,000 za kupanda, hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja katika kumi. Kabureta ya zamani haina njia ya kulitambua jambo hilo. Tundu lake la petroli, ambalo mafundi huliita jeti, hubaki na upana ule ule ziwani na mlimani.

Hivyo bandari hii ni njia panda. Pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam, kisha ikaletwa kwa reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 na kuvushwa kwa meli, hukuta Bujumbura hewa nyepesi kidogo kuliko ya pwani. Itakula petroli zaidi ya haja yake, itatoa moshi, na plagi yake itakuwa nyeusi. Hiyo ni hasara ya mfuko. Lakini pikipiki iliyorekebishwa Gitega, kwenye meta 1,500 hivi, ikapewa jeti ndogo ipasayo huko, inapofika ziwani hukuta hewa nzito na petroli haba. Injini huchemka kupita kiasi, pistoni hutanuka, nayo hung'ang'ania ndani ya silinda. Mafundi husema imenoki. Gurudumu la nyuma hukaza ghafla, na ikiwa jambo hilo latokea katika mteremko wa Bugarama, ambako malori yenye shehena hushuka pamoja na baiskeli zilizobeba ndizi, hasara si ya mfuko tena.

Hatari hiyo huzikabili zaidi pikipiki za motokrosi za miaka ya 1970, kwa kuwa nyingi zina injini za mipigo miwili. Ni injini nyepesi zenye nguvu. Joël Robert wa Ubelgiji alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa daraja la 250 mwaka 1970 akiwa juu ya Suzuki ya namna hiyo, na lilikuwa taji la kwanza la motokrosi kwa kiwanda cha Kijapani. Lakini nyingi kati ya injini hizo hupata oili yake ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua.

Katika kuchagua kabureta, wengi hudhani kuwa yenye koo pana zaidi ndiyo bora. Sivyo. Hewa ipitayo katika koo pana mno hupunguza mwendo, ikashindwa kuivuta petroli vizuri injini inapozunguka polepole. Pikipiki hiyo itakimbia vema uwanjani, lakini itakwamakwama sokoni na katika kona za mlimani. Aliye na injini ndogo, naye aitumia kwa safari za kazi, na abaki na kipimo kilichowekwa na kiwanda. Fedha iliyosalia inunue chujio jipya la hewa, sindano isiyolika na jeti mbili tatu za akiba.

Ukifika wakati wa kurekebisha, mafundi hawatafutwi mbali. Mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, una gereji nyingi. Mwenye pikipiki aanze kwa kuziba kila mahali panapopitisha hewa isiyopimwa, hasa mpira unaounganisha kabureta na injini. Kisha aweke jeti kubwa, ndipo ashuke hatua kwa hatua. Asianze na ndogo akapanda. Injini ikisha kupata moto, aiendeshe kwa nguvu zote mahali tambarare pasipo watu, aizime huku amevuta klachi, kisha aitazame plagi ikiisha kupoa. Ikiwa nyeupe kama majivu, petroli ni haba na jeti iongezwe. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Rangi ya kahawa ndiyo itakiwayo.

Askari wa zamu au mtumishi apandaye na kushuka kila juma atauliza: je, jeti ya wapi ifuatwe? Ifuatwe ya bandarini. Huko juu pikipiki itakuwa nzito kidogo, nalo ni jambo la kuvumilika. Katika kushuka, asifunge mafuta kabisa kwa mwendo mrefu huku injini ikizunguka. Kila baada ya muda afungue kidogo ili oili ifike kwenye pistoni.

Nyumbani nako pana wajibu. Kabureta isafishwe nje, mbali na jiko na watoto, wala petroli isinyonywe kwa mdomo wala kuwekwa katika chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Tundu la jeti lisizibuliwe kwa waya, kwani waya hulipanua na kukiharibu kipimo. Pumzi ya hewa au unywele wa brashi watosha.

Jeti moja ya shaba hutoshea juu ya ukucha wa kidole gumba, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache kivulini. Msafiri aifanye kazi hiyo angali bandarini, kabla barabara haijaanza kupanda.