Mto Uliozikwa Hauna Ukingo

Wapo wanaokusanya stempu, wapo wanaofuga njiwa, na wapo ambao kwao Jumamosi si Jumamosi bila kandanda. Uraibu wangu mimi huwashangaza wengi, hata wale ninaoketi nao katika semina za uzamili: ninachora ramani za mitaro ya maji ya mvua ipitayo chini ya jiji la Nairobi. Nikiulizwa mwanafunzi wa fasihi ana nini na mitaro, hujibu kwamba sisi tumefunzwa kutafuta kilichofichika katika matini, na kwamba jiji nalo ni matini. Jibu hilo huwaridhisha wahadhiri. Halikumridhisha mama yangu, ambaye alitaka kujua jambo moja tu: je, mwanawe huwa anaingia humo?

Siingii. Wapo ulimwenguni wanaoingia. Kule Melbourne, Australia, kikundi kiitwacho Cave Clan kimekuwa kikizuru mitaro ya chini kwa chini tangu mwaka 1986, na mojawapo ya kanuni zake kuu ni kwamba mvua ikinyesha, mtu asithubutu kuingia. Hapa kwetu, ambapo maji taka hujipenyeza katika njia za maji ya mvua, hatari ni maradufu. Gesi inayonuka kama yai viza ina hila ya ajabu: ikizidi hewani, huiua pua kwanza, mtu akadhani harufu imekwisha, ilhali ndipo mauti yamekaribia. Basi kazi yangu yote huifanya juu ya ardhi, miguu ikiwa mikavu.

Vifaa vyangu ni daftari, futi ya utepe, simu inayonionyesha niliposimama, na maganda ya machungwa. Maganda huelea, huonekana kwa mbali, na hayamdhuru yeyote. Hutumbukiza ganda katika wavu wa chuma kando ya barabara, kisha nikaharakisha hadi pale ninapodhani mtaro unatokea, nikasubiri. Likiibuka, huchora mstari mzito. Lisipoibuka, mstari hubaki wa nukta nukta. Siku moja nilisubiri saa nzima kando ya kijito, walinzi wa lango la jirani wakinitazama kwa jicho la shaka, kumbe ganda lilikuwa limeibuka katika kijito kingine kabisa, ng'ambo ya barabara kuu. Mwenzangu niliyemweka huko kwa kubahatisha tu alinipigia simu akipiga kelele kama aliyefunga bao. Aidha, baada ya mvua hutega sikio juu ya vifuniko vya chemba. Maji yaendayo huvuma, yaliyozibwa hunyamaza.

Ajabu ni kwamba jiji hili lilizaliwa na maji. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, kambi ilipigwa kwenye kinamasi, na jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Tangu hapo tumekuwa tukiyafukia, tukiyaelekeza kwenye mabomba na kuyasahau. Wengi wetu twaijua mito ya Nairobi, Mathare na Ngong. Ni wangapi wawezao kutaja Kirichwa Kubwa, Kirichwa Ndogo, Kibagare au Motoine? Motoine huingia katika Bwawa la Nairobi kwa jina hilo, ukatoka ukiitwa Ngong. Ngong huungana na Nairobi, nao Nairobi humwaga maji yake katika Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka baharini kaskazini mwa Malindi. Ganda la chungwa lililotupwa Motoine, lau lingesalimika, lingefika Uswahilini likiwa limepitia majina sita.

Na hapo ndipo uraibu huu unapokutana na taaluma yetu, maana ugumu wake mkubwa si wa vipimo bali wa msamiati. Nikisema "mfereji" kwa Mkenya wa kawaida, yeye hutafuta ndoo, kwani kwake mfereji ni bomba la nyumbani lenye maji ya kunywa. "Mtaro" humpa picha ya kitu kilicho wazi kando ya njia. "Handaki" humpeleka vitani. Mzee mmoja mtaani kwetu, aliyewahi kuwa kibarua wa kuzibua mitaro enzi za baraza la jiji, alinitatulia tatizo hilo bila kufungua kamusi. "Kijana," aliniambia, "huo ni mnyama. Ana mdomo, ana tumbo, ana mkia. Ukimziba mkia, atatapika." Nimeyatumia maneno hayo kwenye ramani zangu zote tangu siku hiyo, na ningependa kuona istilahi ya kiofisi itakayoyashinda kwa uwazi.

Kutapika huko tulikushuhudia mwaka 2024. Mafuriko ya Machi hadi Mei mwaka huo yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na serikali ikaamuru waishio katika mita 30 kutoka kingo za mito wahame. Nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Mtaani kwetu hapakuwa na aliyeguswa na amri hiyo, kwa kuwa mto uko mbali. Hata hivyo, katika ploti za upande wa chini, maji yaliingia vyumbani usiku. Hayakutoka mtoni. Yalitoka ardhini, kwenye chemba iliyo katikati ya ua, yakiinua kifuniko. Jirani yangu aliwapandisha watoto wake wawili juu ya meza, akasimama kando yao hadi alfajiri.

Nilipoitandaza ramani, mambo yalikuwa bayana. Mnyama wetu ana midomo saba na mkia mmoja, na karibu na mkia huo palikuwa pamechimbwa msingi wa ghorofa. Amri ya mita 30 hupima kutoka kwenye ukingo, na mto uliozikwa hauna ukingo. Mpimaji angesimama juu yake na asiuone, sembuse aulinde.

Wakazi waliipeleka nakala ya ramani katika ofisi husika. Ikapokelewa kwa heshima, ikapigwa muhuri. Ghorofa sasa imefika orofa ya tatu. Wapo walionishauri niisambaze ramani kila mahali, wengine wakanionya. Vifuniko vya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, biashara ambayo serikali iliisimamisha kwa muda Januari 2022 baada ya milingoti na nyaya za umeme kuhujumiwa. Ramani inayoonyesha kila kifuniko ni zawadi kwa mwizi, na shimo lililoachwa wazi gizani ni kaburi la mpita njia. Nililitafakari jambo hilo kwa muda mrefu kuliko sura yoyote ya tasnifu yangu. Hatimaye nilichora nakala ya pili, yenye njia ya maji pekee bila vifuniko, nikaibandika kwenye ukuta wa duka la mama anayetuuzia mboga, kwa ridhaa yake. Hapo kila mpangaji aweza kujua kama analala juu ya tumbo la mnyama.

Wiki iliyopita nilipopita kununua sukuma wiki, nilikuta mtu ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu, kutoka nyuma ya kinyozi hadi chini ya uwanja wa shule. Mstari wa nukta nukta, kama nifanyavyo mimi. Mama mboga hakumwona aliyeuchora. Nilimwomba aniwekee maganda ya machungwa hadi Jumamosi.