Lipa Namba, Sakina

Barabara ya Namanga inashuka kutoka Oldonyo Sambu, Mlima Meru mkono wa kushoto, na kabla ya kuingia Arusha mjini unakuta Sakina. Nimetoka Nairobi alfajiri. Kilichonisimamisha ni kibao kwenye genge la ndizi: LIPA NAMBA, na tarakimu chini yake. Kwetu kibao hicho huandikwa Till Number.

M-Pesa ilianzia kwetu mwaka 2007, ikavuka mpaka kuja Tanzania mwaka 2008. Nilipobonyeza *150*00# kwa laini ya huku, kila kitu kilikuja kwa Kiswahili: kutuma, kutoa, kulipa, namba ya siri. Kwetu pia Kiswahili kimo, ila wengi ninaowajua hawajawahi kukichagua. Hata umeme, ambao sisi twauita stima, hapa hununuliwa kwa LUKU: Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mama wa ndizi hakuhitaji kufafanuliwa neno hata moja, na nilimwonea wivu.

Hatua chache mbele ipo steshenari. "Shikamoo mama, karibu," akasema binti aliyekuwa akichapa tangazo la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Nikaitikia marahaba kwa kuchelewa, maana Nairobi sijazoea kuamkiwa hivyo. Kwenye kioo cha kompyuta (shuleni kwetu tunafundishwa kuiita tarakilishi) karibu kila neno lilikuwa na mstari mwekundu chini yake, kana kwamba binti hajui kuandika. Alichapa "saa 4:30 asubuhi", na pembeni saa ya mashine ikasoma 10:30. Yeye huzihesabu saa tangu jua lichomoze, mashine tangu usiku wa manane, na ni yeye anayetafsiri kutwa nzima.

Inaniuma, kwa sababu kazi ya kuifundisha kompyuta Kiswahili ilishaanza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Binti hajawahi kuisikia. Naona simu ilibidi ijue Kiswahili, maana bila hivyo mama wa ndizi asingeikabidhi hela yake. Kompyuta ya steshenari haikubanwa na mtu.

Binti alibofya neno "mwenyekiti", akaliongeza kwenye kamusi ya mashine. Mstari ukafutika. Akahamia "mweka hazina".

"Ile ya zamani nilishaifundisha mengi, mama. Iliungua umeme ulipokatika na kurudi. Hii naianza upya."