Vitabu Vitatu na Mshipi

Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu Kakamega ilipitia setilaiti, na kila dakika saibani ilikuwa na bei yake. Aliyetaka kutuma kitu kizito alikibana kwanza. Nilikuwa mhudumu wa saiba moja karibu na Muliro Gardens, na kazi yangu kubwa, ukiacha kuchapa barua za kuomba kazi, ilikuwa kuwafungulia watu faili hizo zilizobanwa, za zipu.

Wateja wengi walikuwa walimu. Msimu wa mitihani ya mwigo ukikaribia, karatasi za maswali zilisafiri kwa diski, baadaye kwa flashi. Diski ilibeba megabaiti 1.44 tu, kwa hivyo mzigo mkubwa ulikatwa vipande, kila kipande na diski yake. Kimoja kikiharibika, vingine vyote ni kazi bure. "Kijana, hebu jaribu tena," mwalimu angesema, akiichomoa diski na kuipuliza. Najaribu tena, mashine inakwaruza weee, halafu inatoa ujumbe uleule wa kosa.

Karatasi hizo zilibanika vizuri sana, na sababu yake bado hunifurahisha. Programu hupitia maandishi ikitafuta yanayojirudia. "Jibu maswali yote" ikitokea mara ya pili haiandikwi tena. Huwekwa alama fupi ya kuelekeza nyuma: rudi hapa, nakili herufi kadhaa. Kisha herufi zinazotumika sana, kama a ya Kiswahili, hupewa msimbo mfupi kuliko zile adimu. Picha za harusi ndizo zilizogoma. Picha ya kamera huwa imekwisha kubanwa, ukiitia kwenye zipu uzito unabaki karibu uleule. Wapiga picha hawakunielewa kamwe.

Tuliipenda programu ya WinRAR, kazi ya Mrusi Eugene Roshal, yenye alama ya vitabu vitatu vilivyofungwa mshipi. Ilitoa siku 40 za majaribio. Zikiisha ilikumbusha kulipa, nasi tukifunga kidirisha na kuendelea na shughuli zetu. Sijui saiba hata moja iliyolipa.

Kisha ikaja Windows XP, ambayo ilionyesha zipu kana kwamba ni folda ya kawaida. Watu walisema mambo yamerahisishwa. Mimi nasema hapo ndipo vurugu ilipoanza. Mama mmoja, mwalimu mkuu, alifungua orodha ya alama iliyokuwa ndani ya zipu, akajaza asubuhi nzima, akahifadhi. Aliporudi kutoka kunywa chai, akaifungua tena zipu: nafasi tupu. "Mwanangu, nimeziandika kwa mikono yangu hii!" Na ni kweli aliziandika, ila kompyuta ilikuwa imempa nakala ya muda, iliyokaa mbali kabisa na zipu yenyewe. Tulibahatika kuikuta haijafutwa. Siku hiyohiyo nikabandika karatasi ukutani: TOA FAILI KWANZA, NDIPO UANDIKE.

Leo hakuna anayelipia huduma ya kufunguliwa zipu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hugusa faili kwenye simu, ikafunguka. Windows 11, tangu 2023, hufungua hata zile za RAR bila programu ya ziada. Saiba zilizobaki zinaishi kwa kuchapisha na kuwajazia watu fomu za eCitizen na KRA, na karatasi za mtihani hupigwa picha zikatumwa kwa WhatsApp.

Zipu yenyewe haijaenda popote. Hati ya Word yenye mwisho wa docx, muundo ulioingia na Office ya 2007, ni zipu. Programu za Android nazo vilevile. Fungua zipu yoyote kwa Notepad uone herufi mbili za kwanza: PK, za Phil Katz, Mmarekani aliyeutoa muundo wa zipu mwaka 1989 akaruhusu kila mtu autumie. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 37.

Juzi mpwa wangu aliniletea tasnifu iliyokataa kufunguka, machozi yakimlengalenga. Nikabadilisha mwisho wa jina lake kutoka docx kuwa zip, nikaingia folda ya word, kisha media: picha zake zote za Msitu wa Kakamega zilikuwamo. Maandishi tuliyachambua kutoka document.xml, aya baada ya aya, yeye akilalamikia mabano yaliyozagaa kila mahali. "Mjomba, kwani nani aliyaweka haya yote humu?"