Kusi Unapofika India

Mimi ni mtaalamu wa hali ya hewa, mzaliwa wa Mombasa, na mvua ninayoishughulikia hainyeshi kwetu. Ni ya monsuni ya India, ya Juni hadi Septemba. Hata hivyo inaletwa na upepo wetu wa kusi, unaovuka ikweta, ukaambaa na nyanda za juu za Kenya, ukapita Somalia na kufyonza mvuke wa Bahari ya Arabu mpaka Kerala. Njia hiyo ilielezwa na mtaalamu wa hali ya hewa Findlater mwaka 1969.

Watu huniuliza: mvua ile inabadilishwa na maumbile au na binadamu? Hutaka nichague moja, nami nakataa.

El Nino, joto la Pasifiki ambalo mara nyingi hupunguza mvua ya India, haikuanzishwa na mtu. Mwaka 2002 haikuwa kali, lakini India ilikosa karibu sehemu moja ya tano ya mvua yake. Mwaka 1997 ilikuwa kali mno na mvua ya India ikawa ya kawaida, kwa kuwa, naamini, Bahari ya Hindi ilipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Sumatra. Mafuriko tukayapata sisi.

Ila maumbile peke yake hayaelezi kwa nini mvua ya India ya kati ilipungua tangu miaka ya 1950 hadi mwisho wa karne. Ukiendesha modeli ya tabianchi kwa jua na volkano tu, upungufu ule hauonekani vizuri. Ongeza moshi wa viwanda na majiko, unajitokeza: chembe zake huzuia jua, nchi kavu haipati joto la kutosha, na tofauti ya joto kati ya bara na bahari, ambayo ndiyo huuvuta upepo, hufifia. Wakati huohuo hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ndiyo maana jumla ilishuka huku mvua kubwa za siku moja zikiongezeka, na mkulima anaona mbegu zikikauka, kisha zikisombwa, katika msimu ambao wastani wake unasomeka vyema.

Chembe za moshi hukaa hewani siku au wiki chache. Kaboni dayoksaidi hukaa karne. India ikisafisha hewa yake, na lazima isafishe kwa ajili ya mapafu ya watoto, kizuizi kitaondoka na joto litabaki. Mabwawa na mitaro mingi imepimwa kwa takwimu za miaka ya moshi. Vipimo hivyo virekebishwe sasa.