Shosho na mugumo wangu
Wasee, Shosho alikuja Nairobi wiki jana, akapata bonsai yangu kwa balkoni: mugumo wa miaka minne, umefungwa waya, haufiki hata goti. Akanyamaza. Kisha: "Mjukuu wangu, chini ya huu mti watu waliomba Mungu, na wewe unaukunja kama hanga?"

Nilikosa jibu, manze. Ningemwambia waya hutolewa kabla haijakata gome, na mizizi hupunguzwa ndio mti uishi kwa chombo kidogo. Lakini hakuuliza hayo. (Wa kwanza niliuua kwa kuuficha ndani bila jua. Hiyo sikusema.)

Jioni nikampata akiunyunyizia maji, akinong'ona Kikuyu. Usiku nikatoa waya. Bado sijairudisha.