Mguu Ulionyimwa Damu

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño ziliitenga Garissa na dunia. Mto Tana ulifurika, barabara za kwenda Wajir na Dadaab zikawa tope tupu, malori yakakwama siku kwa siku. Nilikuwa muuguzi wa thieta katika hospitali ya mkoa, na kila nilipoona mguu uliofungwa mabanzi nilianza kuhesabu saa.

Kijana mchunga ngamia aliletwa usiku. Muundi ulikuwa umevunjika, na mganga wa mifupa alikuwa ameukaza kwa kamba hadi nyama imefura juu na chini ya fundo. Babake alinishika mkono: "Sista, mtoto huyu anaishi kwa miguu yake. Msiukate." Nilipovuta kidole gumba cha mguu kuelekea juu, kijana akapiga yowe.

Misuli ya muundi imefungwa katika vyumba vinne vya utando mgumu usiotanuka. Ikivimba humo, mishipa midogo ya damu hubanwa, na baada ya saa sita hivi msuli huanza kufa. Mapigo ya damu unyayoni huweza kuwapo bado, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mjerumani Richard von Volkmann aliandika juu ya madhara ya bandeji zilizokazwa tangu 1881.

Daktari alipasua kwa urefu, upande wa nje kisha wa ndani, akafungua vyumba vyote vinne vya misuli. Nyama ilichomoza, rangi ya zambarau. Tukasubiri. Akaibana kwa koleo, ikashtuka! Wekundu ukarudi polepole. Kidonda tulikiacha wazi chini ya shashi yenye maji ya chumvi, na baadaye kikazibwa kwa ngozi ya paja.

Mshipa mkubwa ukikatwa na risasi, kazi ni nyingine: kuushona, au kuunga kipande cha vena kutoka mguu wa pili. Katika vita vya Korea njia hiyo iliwapunguzia Wamarekani ukataji wa viungo kutoka karibu nusu ya majeruhi wa namna hiyo hadi asilimia 13 hivi. Sisi wa kwetu tuliwapeleka Nairobi, kilomita zaidi ya 350, barabara ikipitika.

Waliochelewa walifika na misuli myeusi, isiyoshtuka wala kutoa damu. Hao tuliwakata miguu.

Waganga wa mifupa siwachukii. Ndio walio karibu na boma. Nawaomba wao na wazazi: maumivu yakizidi baada ya kufunga, au vidole vikifa ganzi, fungueni kamba saa hiyo hiyo na mmpeleke mtoto hospitali, hata kama ni usiku.